Lami Ilifuata Shaba

Miaka ya tisini nilikuwa utingo wa basi la Tunduma kwenda Sumbawanga, wakati huo Songwe ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Kwetu ni Ndalambo, siku hizi Wilaya ya Momba, kwa hiyo basi langu ndilo lililonirudisha nyumbani, mvua ikiruhusu.

Huku mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Masika nilisafiri na jembe, panga na mbao mbili chini ya siti ya nyuma. Gari likinasa, konda alipaza sauti: "Wote chini! Wababa nyuma, wamama tangulieni!" Mimi nilitambaa uvunguni, nikachimbua tope mbele ya tairi, nikatandika matawi, kisha ubao. Hapo kazi ilikuwa ya dereva: gia ya kwanza, mafuta kidogo kidogo. Akikanyaga kwa pupa, tairi lilichimba kaburi lake na tukaanza upya. Giza likitukuta, wenye watoto walipiga hodi kwa wenyeji na kupewa ugali na mahali pa kulala. Asubuhi wenyeji walewale walikuja kusukuma, safari hii kwa malipo.

Ajabu ni kwamba Tunduma yenyewe ilikuwa na lami tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia, iliyotegemea njia ya kupitia kwao, ilihitaji njia nyingine ya kuingiza mafuta na kutoa shaba. Malori yakapita hapa kwenye udongo mtupu, yakianguka na kuteleza masika hadi njia ikabandikwa jina la Jehanamu. Basi dawa ikatafutwa haraka: bomba la mafuta la kilomita 1,710 hadi Ndola mwaka 1968, kisha barabara ya lami, kisha TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976. Aliyeshuka Mlowo, Vwawa au Tunduma alifika na viatu vikavu. Wa Ndalambo, Laela na Mpui hatukuwa na shaba, tukabaki na jembe.

Lami yetu, kama kilomita 224 hadi Sumbawanga, ilikuja kwa fedha za Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008. Siku hizi dhoruba ipige itakavyo, basi linapita. Kinachochelewesha watu Tunduma ni foleni ya malori ya kuvuka kwenda Nakonde, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kufunguliwa mwaka 2019.

Lakini abiria wa vijiji vya ndani akishuka barabarani, bado hupanda bodaboda kwenye utelezi, na ikishindikana huvua viatu akatembea. Mahindi yake hupita njia hiyohiyo. Zambia haikungoja miaka 40 kupata njia ya shaba yake. Mkulima wa Momba naye anastahili haraka ileile.