Kupakia, Kusoma, Kuandika: Historia Fupi ya Faili Ndani ya Kivinjari



Katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kupakia ni kuweka shehena chomboni, na kupakua ni kuishusha. Wataalamu wa kompyuta walipohitaji jina la tendo la kupeleka faili kwenye seva, walilichukua neno hilo la mabaharia. Nalo linasema kweli, kwa maana kilichopakiwa kimeondoka, na aliyekipakia amebaki ufukoni akimtegemea nahodha. Leo tutazame jinsi vivinjari vilivyojifunza vitenzi vitatu, yaani kupakia, kusoma na kuandika. Ndani ya vitenzi hivyo mna swali la uraia: je, mtu anaweza kuitumia programu ya wavuti bila kumkabidhi mwenye seva mafaili yake?

Tuanze na kupakia. Fomu za mwanzo za wavuti zilipeleka maandishi tu. Novemba 1995, Ernesto Nebel na Larry Masinter wa kampuni ya Xerox walichapisha pendekezo la kuongeza katika fomu kitufe cha kuchagua faili. Ukurasa haukuruhusiwa kupekua kompyuta ya mtumiaji. Ulibisha hodi tu, na mwenye nyumba ndiye aliyechagua cha kutoa. Kanuni hiyo ya hodi ingali hai hadi leo. Hata hivyo, palikuwa na upungufu mkubwa. Ukurasa wenyewe haukuweza kulifungua faili lililochaguliwa. Mtu aliyetaka kuona jedwali lake la alama katika ukurasa alilazimika kulipeleka seva, pengine ng'ambo ya bahari, kisha asubiri lirudi. Pasipo mtandao, hapakuwa na kazi.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Septemba 2004, Mwingereza Jeremy Ruston alitoa TiddlyWiki, daftari zima lililomo ndani ya faili moja la HTML. Baadaye uliweza kulifungua kwa kivinjari, ukaandika, nalo likajihifadhi lenyewe kwenye diski bila seva yoyote. Lakini uwezo huo ulitegemea ruhusa maalumu ambazo vivinjari vya wakati ule vilizitoa kwa ukarimu uliopita kiasi. Mlango aliopitia mwandishi mwema ungeweza kupitiwa na mwizi pia. Kadiri milango hiyo ilivyofungwa, watumiaji wengi wa daftari hilo walilazimika kupakua nakala mpya kila walipotaka kuhifadhi maandishi yao. Mwaka 2007 Google nayo ilitoa Gears, nyongeza ya kivinjari iliyozipa kurasa hifadhidata ya ndani. Haikudumu miaka mingi, ila ilithibitisha kwamba haja ilikuwapo.

Kitenzi cha pili, kusoma, kilikuja Novemba 2009, pale Arun Ranganathan wa Mozilla alipohariri rasimu ya kiolesura cha faili iliyochapishwa na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti. Januari 2010 Firefox 3.6 ikaanza kuutumia uwezo huo. Tangu hapo, mtumiaji akishachagua faili, ukurasa wenyewe huambiwa jina lake, ukubwa wake, aina yake na tarehe ya kubadilishwa kwake mara ya mwisho, kisha huruhusiwa kuyasoma yaliyomo papo hapo, ndani ya kompyuta ileile. Hauambiwi faili limekaa folda gani. Kwa kuwa kurasa za zamani zilitarajia kupewa anwani kamili, vivinjari viliamua kuzipa anwani ya kubuni, C:\fakepath\, ikifuatwa na jina la faili. Ni uongo mdogo wa kulinda faragha, kwa sababu jina la folda huweza kufichua jina la mwenye kompyuta.

Mwaka huohuo wa 2009, mwezi Julai, kebo ya SEACOM ilianza kazi katika pwani yetu, na Afrika Mashariki ikaanza kuachana na utegemezi wa setilaiti. Mtu angedhani kwamba baada ya hapo haja ya programu za nje ya mtandao ingekwisha. Haikwisha. Kebo hufika pwani, lakini bando hununuliwa na mtu mmoja mmoja, na umeme hukatika. Tena mtandao wenyewe unaweza kuzimwa, kama ulivyozimwa nchini Uganda kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu. Siku kama hizo, maarifa yaliyo mbali hayamfai raia; humfaa yale aliyonayo mkononi.

Mfano mzuri ni Kiwix, mradi ulioanzishwa mwaka 2007 na Emmanuel Engelhart na Renaud Gaudin. Huikusanya Wikipedia ya lugha fulani, Kiswahili kikiwamo, katika faili moja la aina ya ZIM. Faili hilo laweza kusafiri kwa kadi ya kumbukumbu kutoka shule hadi shule. Toleo la Kiwix linaloendeshwa ndani ya kivinjari humwomba msomaji achague faili lake, kisha hulisoma kipande kwa kipande: makala ikitakiwa, husomwa sehemu ile tu inayohitajika. Kwa njia hiyo faili lenye magigabaiti mengi husomeka katika kompyuta yenye kumbukumbu ndogo.

Kusoma si sawa na kuingiza. Anayesoma huangalia na kuacha. Anayeingiza huweka nakala ghalani. Ghala hilo ni IndexedDB, hifadhidata ya ndani ya kivinjari iliyoidhinishwa na W3C Januari 2015. Mwezi huohuo Chrome 40 ilianza kuruhusu programu ndogo inayokaa nyuma ya pazia na kuufungua ukurasa hata mtandao usipokuwapo. Basi mwalimu akaweza kuingiza orodha ya wanafunzi wake na kuifanyia kazi bila mtandao. Lakini ghala hilo lina mwenye funguo mwingine. Tangu Machi 2020 Safari hufuta data ya namna hiyo ikiwa mtumiaji amekitumia kivinjari kwa siku 7 bila kuigusa tovuti husika. Kwa hiyo nakala iliyoingizwa isihesabiwe kuwa akiba. Faili la asili litunzwe, na kazi mpya itolewe nje kama faili mara kwa mara.

Kitenzi cha tatu, kuandika, kilifika Oktoba 2020 katika Chrome 86. Kwa idhini ya mtumiaji, ukurasa sasa unaweza kubadilisha faili lilelile lililochaguliwa, si nakala yake. Watengenezaji wa Firefox waliipinga hatua hiyo kwa hoja ya usalama: je, mtu anayebonyeza kitufe cha ruhusa anaelewa ametoa ruhusa gani? Swali hilo halijaisha.

Na hapa ndipo historia hii inapomgusa raia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo humtaka anayekusanya data asichukue zaidi ya inayohitajika. Programu inayosoma faili ndani ya kompyuta yako bila kulipeleka popote huitimiza kanuni hiyo kwa muundo wake, maana haichukui kitu. Lakini tuwe waangalifu: ukurasa wenye uwezo wa kusoma unaweza pia kupeleka. Ukizima mtandao na programu ikaendelea kufanya kazi, umejua kwamba haihitaji seva. Hujajua kwamba haitatuma chochote mtandao utakaporudi.

Kwa hiyo, kila ukurasa unapokuomba faili, uliza ni kitenzi gani kinachotumika. Je, faili langu linapakiwa, linasomwa, linaingizwa, au linaandikwa upya? Anayejua tofauti ya vitenzi hivyo hujua pia ni nani atakayekuwa nalo faili lake kesho, na hawezi kuitikia hodi kabla ya kujua mgeni amefuata nini.