Kabla ya kila kileo kuitwa 'kikali'

Mwanafunzi mmoja wa tafsiri aliniletea majuzi kibandiko cha chupa ya mvinyo akitaka nimkagulie kazi. Neno la Kiingereza 'dry' alikuwa amelifasiri 'mvinyo mkavu'. Nikamuuliza, "Sasa kijana, kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu?" Akacheka. "Prof, Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Sisi tunajua kali na isiyo kali, basi."

Kauli hiyo nimeisikia hata kwa walimu wenzangu. Mimi nasema maneno yalikuwepo na bado yapo, ila yamesukumwa pembeni, na historia ya kusukumwa kwake inajulikana.

Tuanzie pwani. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Tembo lililogemwa sasa hivi ni tamu, na mama wa vitumbua hulitia katika unga badala ya hamira. Likikaa linachacha, linapata ukali, na baada ya siku chache limekuwa siki. Likitiwa maji ni chapwa, au dufu. Hebu msomaji itazame upya ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezoea kuifundisha kama onyo la kiburi. Lakini isingekuwa na maana yoyote mahali ambapo mnywaji hawezi kuyatambua maji ndani ya tembo. Ni methali ya watu wenye ulimi.

Tena kuna ukakasi, ile hali ya kinywa kukwaruzwa ukitafuna ndizi mbichi. Waonjaji wa Ufaransa hutumia muda mwingi kuieleza hali hiyohiyo katika mvinyo mwekundu. Sisi tunayo kwa neno moja, na mtoto wa chekechea analielewa. Kuna ugwadu wa embe changa, ambao si uchachu wa uji uliolala. Kuna kukereketa, ambako ni kwa koo wala si kwa ulimi.

"Kwenu ni wapi?" nikamuuliza kijana.

"Loitokitok, Prof."

Nikamwambia basi ametoka mahali penye elimu ya jambo hili, asije kutafuta Nairobi. Wenyeji husema jina la mji huo latokana na maji yanayobubujika, na kwa mtu aliyewahi kuinamia mtungi wa pombe inayochacha, hilo ni jina linalofaa. Loitokitok iko miguuni mwa Kilimanjaro, upande wa Kenya wa ule mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliukubali mwaka 1886. Ng'ambo ni Rombo ya Wachaga. Wakulima na wachuuzi huvuka kila siku, kwa hiyo pale hukutana pombe mbili zenye hekima moja.

Ya kwanza ni enaisho ya Wamaasai. Ni asali na maji, pamoja na mizizi ya osuguroi, mmea wa jamii ya mshubiri, vikiwekwa karibu na moto kwa siku kadhaa vipate joto. Sote tunasema 'chungu kama shubiri'. Utamu wa asali unawekewa mshindani makusudi, na mzee anayeonja anaangalia ni nani anayeshinda. Kimaasai kinazitenga hali hizo waziwazi: kemelok ni tamu, kedua ni chungu. Kwa desturi morani hakuguswa na kinywaji hiki. Kilikuwa cha wazee, na wazee walikitumia pia kubariki.

Ya pili ni mbege. Ndizi hupikwa zikaachwa kuchacha, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi na kutiwa uchungu wa gome la msesewe. Msesewe hufanya kazi ileile ya maua ya hopsi katika bia ya kiwandani. Ukizidi, pombe inakuwa dawa. Ukipungua, ni uji mtamu. Mwanamke anayepika mbege ana kipimo chake kinywani.

Sasa, haya yote yalipotelea wapi? Nadhani sheria ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe za kuvukizwa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukakaza kamba. Bia ya kiwandani ilianza kutengenezwa Ruaraka mwaka 1922, lakini Mwafrika alizuiwa kuinywa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. (Bia hiyo ilikuja kuitwa Tusker, kwa kumbukumbu ya mwasisi mmoja aliyeuawa na ndovu. Mswahili, ambaye tembo kwake ni mnyama na pia ni kinywaji, angeweza kuwapa jina zuri zaidi.) Kisha ikaja sheria ya pombe za kienyeji ya mwaka 1971 na marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980, iliyodumu hadi 2010.

Katika nyaraka hizo zote pombe ni ya halali au ya haramu, kali au hafifu, ya kizungu au ya kienyeji. Hakuna aliyeuliza ina ladha gani. Na kinywaji kinachonywewa kichochoroni, jicho moja likimwangalia askari, hakionjwi, kinamezwa. Majina yakafuata. Kumi kumi iliitwa hivyo kwa bei yake, shilingi kumi. Novemba 2000 pombe ya jina hilo, iliyotiwa methanoli, iliua watu zaidi ya 130 katika mitaa ya mabanda Nairobi. Sidai kwamba msamiati ungewaokoa, maana ulimi hauwezi kuitenga methanoli na pombe ya kawaida. Nasema tu kwamba jina la kinywaji halikuwa tena na habari yoyote ya kilichomo.

Wala tusidhani Wazungu walizaliwa na maneno yao. Gurudumu la ladha za bia la Morten Meilgaard ni la mwaka 1979. Lile la harufu za mvinyo, la Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, ni la miaka ya 1980. Noble alikataa maneno ya sifa tupu kama 'nzuri'. Alitaka vitu vinavyonuswa: pilipili, nyasi kavu, tumbaku.

Kijana alirudi juzi. 'Mkavu' amefuta, ameandika 'usiobaki utamu', nami nimekubali. Lakini palipotajwa moshi ameandika 'harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa oloirien', yaani mzeituni wa porini. Pale nimeweka alama ya kuuliza. Kwa mnunuzi wa Kajiado neno hilo ni kinywa kizima cha utotoni. Wa Mombasa atataka aambiwe mtungi uliofukizwa ubani, na hiyo ni harufu nyingine kabisa. Bado tunabishana.