BAKARI: JINA LA BABU LINA MAANA GANI?



Ndugu msomaji, Shaabani iliyopita dadangu alijaaliwa mtoto wa kiume. Baba akasema bila kufikiri mara mbili: "Huyu ni Bakari, jina la babu yake." Dadangu akanyamaza, lakini usiku alinijia. "Wewe ndiye unasoma historia huko chuo kikuu. Hebu niambie, Bakari maana yake nini? Kwenye intaneti wameandika ni Kiswahili, eti 'mwenye ahadi njema'. Binamu yetu naye anasema ni ngamia. Sasa mwanangu aitwe ngamia? Na tena ni jina la kizee."

Siku ya akika ilikuwa imebaki nne. Nikaenda kwa maalim wangu wa madrasa, nikafungua na vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata, na nimeona niyaandike kwa sababu najua si nyumba yetu peke yake yenye mjadala huu.

Kwanza, Bakari ni Abubakar. Hilo halina shaka. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili za Kiarabu kukaa pamoja mwisho wa neno. Fajr tumeiita alfajiri, na bikr tumeifanya bikira. Vivyo hivyo Bakr ikawa Bakari. Ile "Abu" ya mbele ikadondoka kwa wepesi wa ulimi. Na si sisi tu tuliofanya hivyo. Waturuki wanasema Bekir, Wasenegali wanasema Boubacar na Babacar, na ndugu zetu wa Ngazija wanaandika Bacar. Mtu ni mmoja, kila bandari imemvika kanzu yake.

Mtu huyo ni Sayyidna Abubakar Swiddiq (R.A.), khalifa wa kwanza. Na hapa wengi hushangaa: Abubakar halikuwa jina lake la kuzaliwa. Jina lake lilikuwa Abdullah, mwana wa Abu Quhafa. Abubakar ni kunya, yaani lile jina la heshima la "baba fulani" kama sisi tunavyoita Baba Ali au Mama Fatma. Lakini hakuwa na mtoto aitwaye Bakr! Wanawe wa kiume walikuwa Abdullah, Abdurrahman na Muhammad. Kwa Waarabu kunya si lazima itokane na mtoto. Abu Hurayra aliitwa hivyo kwa sababu ya kipaka chake, na Sayyidna Ali (R.A.) Mtume (S.A.W.) alimwita Abu Turab, baba wa mchanga.

Basi Bakr ni nini? Binamu yetu hakukosea. Bakr ni ngamia dume mchanga, mwenye nguvu, aliye katika ujana wake. Kabla hujacheka, kumbuka ngamia kwa mtu wa jangwani ni nini. Ni chombo, ni maziwa, ni mahari, ni uhai wenyewe. Kabila zima la Bakr bin Wail lilijivunia jina hilo, na mji wa Diyarbakir ulioko Uturuki leo umebeba jina la kabila hilo.

Lakini neno hili lina ukoo mpana. Mzizi wake ni b-k-r, na maana inayozunguka humo ni kutangulia, kuwa wa mwanzo. Bukra ni asubuhi mapema, neno ambalo kila aliyesoma Qur'ani amelipitia. Bikr ni mtoto wa kwanza, kifungua mimba. Ndiyo maana wako waliosema kwamba Sayyidna Abubakar aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa wa mwanzo katika kheri, na wako waliosema ni kwa sababu ya kupenda ngamia wachanga. Na ile "ahadi njema" ya intaneti? Katika mzizi huu haimo. Ni maana ya vitabu vya majina vilivyosambaa Marekani, ambako watu weusi waliotafuta majina ya Kiafrika walilipenda jina hili. Mwanasiasa Bakari Sellers wa South Carolina, aliyezaliwa 1984, ni mmoja wa wanaolibeba. Si vibaya kwao kulipenda, lakini sisi wenye jina tusisomeshwe maana yake na watu wa mbali.

Hapa pwani jina hili ni la zamani. Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut, alifariki mwaka 992 Hijria (1584), na kizazi chake kilifika Pate na kuenea Lamu na visiwani. Lamu hiyo hiyo ilimtoa Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, mshairi mashuhuri anayejulikana kama Sayyid Mansab, aliyefariki 1922. Na Bagamoyo alitoka Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefundisha Kiswahili Berlin na ambaye kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilichapishwa 1903. Tazama: mshairi ni Abubakar, na baba wa mwandishi ni Bakari. Jina ni lile lile.

Lakini ofisini si lile lile. Babu alipofariki, kitambulisho chake kilisema Bakari na hati ya shamba ilisema Abubakar. Tuliambiwa hao ni watu wawili. Baba alikwenda na kurudi karibu mwaka mzima, akala kiapo mbele ya wakili kwamba Bakari na Abubakar ni mzee mmoja, ndipo mirathi ikagawanywa. Kwa hivyo vijana wenzangu, andikeni jina la mtoto kwa herufi zile zile kila mahali, kuanzia cheti cha kuzaliwa. Hilo nalo ni katika haki za mtoto.

Na Ramadhani ni mwezi wa Qur'ani. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi, ni Sayyidna Abubakar aliyekubali rai ya Sayyidna Umar (R.A.) akamwamuru Zayd bin Thabit aikusanye Qur'ani iliyokuwa imetawanyika katika vifua na maandishi. Walipokataa watu kutoa zaka, alisema atawapigania hata wakizuia kamba ya kufungia mnyama. Yote hayo katika ukhalifa wa miaka miwili na miezi michache tu, kutoka mwaka 11 hadi 13 Hijria (632 hadi 634). Ukishika msahafu usiku wa leo, na ukitoa zaka yako, kuna mkono wa Bakari hapo.

Nilimweleza dadangu yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Na huyo aliyemnunua Bilal akamwacha huru, si ndiye yeye?" Nikamwambia ndiye. Hakusema zaidi.

Siku ya saba mtoto alinyolewa, mbuzi akachinjwa, na baba akamwadhinia sikioni upya kwa furaha yake. Cheti kinasema Abubakar, herufi kwa herufi. Nyumbani tunamwita Bakari. Na bibi, aliyekuwa hajataja jina hilo tangu mumewe azikwe, sasa analiita kutwa nzima.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atukubalie saumu zetu na awarehemu wazee wetu. Wabillahi tawfiq.