Kilosa: gobore, ardhi na akili ya mtu

Desemba 8, 2000, ikiwa imebaki siku moja kuadhimisha Uhuru, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa. Waliouawa walikuwa wa upande wa wakulima. Walioshambulia walikuwa wafugaji. Wanaosoma historia ya migogoro ya ardhi nchini hawaipiti tarehe hiyo, na watafiti wa ndani na wa nje wameiandika sana: nani alimkamata ng'ombe wa nani, mpaka wa kijiji ulipita wapi, kiongozi gani alikula fedha za pande zote mbili.

Katika maandishi yote hayo, kuna swali ambalo halikupewa nafasi: je, waliofanya vile walikuwa na akili timamu? Marekani swali hilo ndilo hutangulia. Desemba 14, 2012, kijana mmoja aliua watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, na kabla ya mazishi nchi nzima ilikuwa ikijadili ugonjwa wake. Mei 2022 huko Uvalde, Texas, walipouawa watoto 19 na walimu wawili, mjadala ukarudi palepale. Kundi moja likasema tatizo ni bunduki, jingine likasema tatizo ni akili za watu.

Nimeufuatilia mjadala huo kwa miaka, na kila mara mawazo yangu yamerudi Kilosa. Wilaya hii ina historia ndefu ya bunduki, na historia hiyo inaonyesha jambo ambalo Wamarekani wanahangaika kulikubali.

Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alifika Usagara na kumsainisha mtawala Mangungu wa Msovero mkataba ambao Wajerumani walikuja kuutumia kudai nchi. Msovero hiyo iko Kilosa. Wakati huo bunduki zilikuwa tayari zimezagaa. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Bagamoyo kuelekea Mpwapwa na Tabora ilikuwa na watu wenye silaha. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha zao, na zile kuukuu zilimwagwa huku.

Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels kujadili biashara ya utumwa yalisaini mkataba uliogusa pia silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia katikati ya Sahara hadi kusini ya Zambezi, bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu zilizuiwa zisiwafikie Waafrika. Zilizoruhusiwa, kwa masharti, zilikuwa zile za kizamani za kushindiliwa baruti mdomoni. Wakoloni hawakufanya hivyo kwa kuwahurumia wenyeji. Walitaka kutawala watu ambao silaha yao ni dhaifu kuliko ya askari. Matokeo yake yako vijijini hadi leo, nayo ni gobore.

Asiyelijua gobore alifikirie hivi. Mtutu ni bomba la chuma, kitako ni cha mti, na mwenye kulitengeneza mara nyingi ni fundi wa hapahapa. Unamimina baruti, unashindilia, unatia goroli au vipande vya chuma, unaweka fataki, unafyatua. Ukimaliza unaanza upya, na kabla hujamaliza kushindilia, uliyemlenga ameshafika mbali. Linaua, na limeua wengi, hata wenye nalo pale bomba linapopasuka usoni. Lakini mtu mmoja mwenye gobore hawezi kuingia darasani akaua watoto 20 kwa dakika chache. Hata awe na hasira au ugonjwa wa namna gani, hawezi.

Maji Maji ya 1905 ilifika hadi Uvidunda, kwenye milima inayoitazama Mikumi. Baada ya vita Wajerumani walikusanya bunduki kama sharti la amani. Mkulima aliyenyang'anywa bunduki akabaki na nguruwe pori na tembo shambani, na malalamiko hayo hayajaisha. Mwaka 1964 Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa, mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 3,230, na sehemu kubwa ya mbuga za Mkata ikawa ya wanyamapori. Tembo akitoka hifadhini hula mahindi na miwa bila kujua mpaka. Gobore lililofichwa darini lilikuwa la kumtisha huyo, na mara nyingine la kutafutia kitoweo. Ujangili mkubwa ulipopamba moto miaka ya 1980, ukiwa na bunduki za kivita, serikali ilianzisha Operesheni Uhai mwaka 1989. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, ambayo ilisimamishwa kwa sababu ya mateso yaliyowapata raia, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Hao walioteswa kwa jina la kutafuta silaha nao ni sehemu ya historia hii, na haifai kuwasahau.

Huko upande wa Rudewa na Kimamba, ardhi nzuri ilichukuliwa na mashamba ya mkonge tangu enzi za Mjerumani. Bei ya mkonge ilipoanguka, mashamba yakageuka mapori yenye hati za watu wasioonekana. Waparakuyo, wafugaji wanaosema Kimaasai, walikuwa wakichunga Kilosa tangu kabla ya uhuru. Baadaye wakaongezeka wafugaji wengine, hasa baada ya mifugo kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006. Wakulima nao waliongezeka. Mabwegere, kijiji cha wafugaji, kikabishaniwa mipaka hadi Mahakama ya Rufani. Oktoba 2008 watu wanane waliuawa katika mapigano ya eneo hilo, na mwanzoni mwa 2009 serikali ikaendesha operesheni ya kuondoa mifugo wilayani.

Ukiyasoma hayo kwa utaratibu huoni mahali pa kumwekea mwendawazimu. Waliokwenda Rudewa walikuwa kundi lililopanga na lililoamini limeonewa. Hasira ya namna hiyo haina dawa hospitalini. Na hata Marekani wataalamu wamelisema hili kwa muda mrefu: makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kama magonjwa makubwa ya akili yangetoweka yote leo, ukatili ungepungua kwa takriban asilimia 4 tu. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Wao ndio hupigwa, hufungwa kamba na kutupiwa mawe. Kumtaja mgonjwa kila bunduki inapolia ni kumwongezea mzigo asiyestahili kuubeba.

Ila kuna upande mmoja ambao suala la akili lina uzito mkubwa, nao hautajwi sana: kujiua. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe. Hapo ugonjwa wa akili na silaha vinakutana kweli, na hapo pia kifaa kinaamua nani atapona. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, hatua kwa hatua kuanzia miaka ya 1980, watu waliokufa kwa kujiua walipungua sana, ingawa huzuni haikuondolewa na sheria. Kwa wakulima wetu, ambao sumu ya kuulia wadudu iko chini ya uvungu wa kitanda, somo hilo liko karibu zaidi kuliko la Connecticut. Nasi bado tuna kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinachomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mtu aliyeokolewa kwenye sumu anaogopa kusema alichokunywa kwa sababu polisi wanaweza kuitwa. Kifungu hicho kifutwe.

Nchi hii ilianza mapema kuwahudumia wagonjwa wa akili. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, ilianza kuwapokea mwaka 1904, mwaka mmoja kabla ya Maji Maji. Mirembe ya Dodoma ilifunguliwa 1927, na jirani yake ikaja Isanga kwa waliotenda makosa wakiwa wagonjwa. Mahakama ikipata shaka juu ya akili ya mshtakiwa humpeleka huko, na daktari hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 42. Ni utaratibu wa kistaarabu, japo unacheleweshwa na uhaba wa wataalamu.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo inamtaka mwombaji wa leseni awe amefikisha umri wa miaka 25 na awe na akili timamu. Mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2022, serikali imetoa muda wa watu kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na miongoni mwa zinazoletwa ni magobore. Kwa makadirio ya shirika la utafiti la Small Arms Survey, raia wa Tanzania wana bunduki isiyofika moja kwa kila watu 100. Wamarekani wana 120. Tofauti ya akili kati ya mtu wa Kilosa na mtu wa Texas haiwezi kuwa kubwa kiasi hicho. Tofauti iko kwenye idadi ya bunduki.

Kinachoniuma ni kwamba katika migogoro ya Kilosa suala la akili limeachwa pale linapohitajika. Waliobaki hai Rudewa Mbuyuni walizika watu 38 wakarudi kulima mashamba yaleyale. Waliofiwa Mabwegere wanaishi jirani na waliowaulia ndugu zao. Vijana wa Kimaasai walioona ng'ombe wa baba zao wakipigwa mnada mwaka 2009 nao wana mambo wanayoyabeba. Kila mgogoro ukizuka, wilaya hupeleka polisi, maofisa ardhi na maofisa mifugo. Katika gari hilo apande pia muuguzi wa afya ya akili, anayejua Kiswahili na Kimaasai, naye arudi tena baada ya mwezi, na tena baada ya mwaka, hata kama kijiji kimetulia.