Lukwesa, Mwata aliyefutwa kwenye hesabu

Kila mwisho wa Julai Mwansabombwe hufurika watu. Wanatoka Nchelenge, Kashikishi, Mansa na hata ng'ambo ya Luapula, upande wa Congo, kuja kumwona mfalme wao, Mwata Kazembe, akicheza Mutomboko. Ngoma ile ni ya ushindi: inakumbusha Walunda waliotoka magharibi na kulitwaa bonde la Luapula katika karne ya 18. Ushindi huo kila mtoto wa huku anaujua. Ugomvi wa ndugu kwa ndugu uliokaribia kuuvunja ufalme huo hausimuliwi, na wageni wengi huondoka bila kulisikia jina la Lukwesa.

Novemba 1867 David Livingstone alifika kwa Kazembe na kumkuta Muonga Sunkutu kitini. Aliwauliza wenyeji juu ya watawala waliotangulia, akaandika majina yao kwa mfuatano. Kabla ya Muonga aliandika Lukwesa, na kando yake maelezo kwamba yu hai bado, mkimbizi kwa Nsama. Huyo Nsama ni mtawala wa Watabwa aliyekuwa ametoka kupigwa na Tippu Tip mwaka uleule, vita ambavyo Tippu Tip mwenyewe amevisimulia kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake.

Sasa tazama hesabu inayofuatwa leo. Kazembe VI ni Chinyanta Munona, VII ni Muonga. Kati yao hakuna mtu. Lukwesa Mpanga anatokea baadaye sana, kama Kazembe IX, katika miaka ya 1880. Kwa waliozungumza na Livingstone, Lukwesa alikuwa mfalme aliyefukuzwa. Kwa hesabu ya leo, wakati ule alikuwa mwanamume tu aliyekitamani kiti.

Muonga hakudumu. Mwaka 1872 aliuawa katika mapigano na wafanyabiashara wa pwani, akafuata Chinkonkole Kafuti. Kisha Lukwesa akapata zamu yake, na hapo ndipo moto ulipowaka, maana Kanyembo Ntemena naye alijiona ndiye mwenye haki. Lukwesa aliegemea bunduki za Wayeke wa Msiri, mtu wa asili ya Usumbwa aliyejenga himaya yake Bunkeya, Katanga. Kanyembo akawaita Wabemba. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, kila mmoja na jeshi la kuazima, na wanakijiji katikati ndio walioipoteza mihogo yao na watoto wao. Kisiwani Kilwa, ndani ya ziwa Mweru, mfanyabiashara wa misafara aliyeitwa Simba alikuwa amejichimbia ngome yake, hamjali Mwata yeyote kati yao. Hatimaye Kanyembo akashinda, akaandikwa Kazembe X. Msiri aliuawa Desemba 1891, na dai la Lukwesa likakosa mgongo.

Mfalme wa kuwekwa na wageni si jambo la Mweru peke yake. Katika Kilwa ile nyingine, ya pwani ya Tanzania, Wareno walimfukuza Amiri Ibrahim mwaka 1505 wakamvisha taji Muhammad Ankoni, mtu asiye wa ukoo wa masultani. Taji lenyewe lilikuwa limekusudiwa mfalme wa Cochin, India. Mwaka uliofuata Ankoni aliuawa, na mji ukagawanyika juu ya nani amrithi.

Huku kwetu Kanyembo aliishi kuona wakubwa zaidi. Mkataba wa Mei 1894 uliupinda mpaka ndani ya ziwa ili Kilwa iwe ya Waingereza. Mwaka 1899 majeshi yao yakauchoma mji wake, akakimbilia kwa wamisionari wa Mambilima. Alirudi, akafa mwaka 1904. Tangu hapo kiti kimepita kwa wengi hadi Kazembe XIX, aliyesimikwa 1998.

Mapokeo mengi tuliyo nayo yametoka katika kitabu cha Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kazi ya Kazembe XIV Chinyanta Nankula aliyetawala 1941 hadi 1950. Ni hazina, na hakuna anayeandika juu ya Luapula bila kuinama mbele yake. Lakini ni kitabu cha mwenye kiti. Shule za Nchelenge zingepaswa kukisoma sambamba na ile orodha ya 1867, na Mutomboko ujao wasimulizi wamtaje Lukwesa mahali pote pawili alipokaa.