Cheni, shafti au ukanda? Mvutano wa uzito na uimara katika pikipiki za safari ndefu

PIKIPIKI ya safari ndefu huundwa kwa ajili ya mtu anayebeba mizigo, aghalabu pamoja na abiria, na anayetarajia kwenda maelfu ya kilomita kabla ya kurejea nyumbani. Baina ya injini yake na gurudumu la nyuma pana kiungo ambacho wahandisi wamekizozania kwa zaidi ya karne moja, nacho ni kile kinachopeleka nguvu za injini kwenye gurudumu hilo. Kiungo hicho huwa cheni, shafti au ukanda. Kilicho chepesi na rahisi kutengenezwa huchakaa upesi, ilhali kinachodumu huja na uzito wake.

Cheni haihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyewahi kupanda bodaboda. Ikiwa mpya, safi na yenye mafuta, hupoteza asilimia chache tu ya nguvu za injini. Fauka ya hayo, mwendeshaji akitaka kasi zaidi au nguvu zaidi za kupandia mlima, hubadilisha sproketi tu bila kuigusa giaboksi.

Tarakimu zinazochapishwa kwenye cheni za pikipiki kubwa, yaani 520, 525 na 530, zinaeleza mvutano wenyewe. Ile 5 ya mwanzo ni umbali kutoka pini moja hadi nyingine: thumni tano za inchi, yaani milimita 15.875. Mbili zinazofuata huonyesha upana wa ndani, ambao ni milimita 6.35 kwa cheni ya 520, 7.94 kwa ya 525 na 9.53 kwa ya 530. Wanamashindano hupendelea ile nyembamba kwa sababu ni nyepesi. Pikipiki kubwa za safari aghalabu hupewa 525 au 530, kwa kuwa pini na meno yaliyo mapana zaidi hugawana mzigo na kuchelewa kulika.

Katika miaka ya 1970 cheni zilianza kufungwa pete ndogo za raba zinazozuia grisi isitoke ndani ya pini, na vumbi lisiingie. Pete hizo huongeza uzito na msuguano kidogo, lakini ni kwa sababu yazo kwamba cheni inayotunzwa vyema huweza kufika kilomita 20,000 au hata 30,000. Sproketi nazo zina kisa kama hicho. Aluminiamu ina takriban thuluthi moja ya uzito wa chuma cha pua au cha kawaida cha ukubwa ule ule, lakini meno yake hulika mapema. Anayekwenda mbali hufunga ya chuma, na wala hapati hasara.

Shafti ni mchi wa chuma unaozunguka ndani ya mkono wa nyuma wa pikipiki na kukutana na gia za pembe kwenye kitovu cha gurudumu, zote zikiwa zimefungiwa ndani ya mafuta. BMW iliitumia katika pikipiki yake ya kwanza, R 32, iliyosanifiwa na Max Friz na kuonyeshwa mwaka wa 1923. Injini yake ilikuwa ya sentimita 494 za ujazo na nguvu za farasi 8.5 pekee. Honda nayo ilipozindua Gold Wing GL1000 mwaka wa 1974, ilichagua shafti, na miundo yote ya Gold Wing iliyofuata imebaki nayo. Hakuna kukaza wala kupaka mafuta kila jioni. Mafuta ya gia yakibadilishwa kwa wakati, si ajabu shafti kupita kilomita 100,000.

Gharama yake ni uzito, na si uzito wa jumla pekee. Kinachowasumbua wasanifu zaidi ni kwamba gia hizo za pembe hukaa kwenye gurudumu lenyewe, chini ya springi. Gurudumu likigonga jiwe, mzigo huo wote hurushwa juu na kushuka nao, na kadiri unavyokuwa mzito ndivyo tairi inavyochelewa kurudi ardhini na mwendeshaji anavyotikiswa. Tena shafti ilikuwa na tabia ya kuinua sehemu ya nyuma ya pikipiki kila mwendeshaji alipoongeza mafuta. BMW iliitatua kwa mkono wenye viungo viwili iliouita Paralever, uliotokea katika pikipiki za GS mwaka wa 1987. Dawa hiyo ilileta beringi na viungo zaidi vya kuchakaa.

Hapo ndipo hamu ya kupunguza gramu huweza kumponza fundi. R 1200 GS ya mwaka wa 2004 ilipunguziwa takriban kilo 30 ikilinganishwa na R 1150 GS iliyoitangulia, na ilisifiwa kwa wepesi wake. Mwaka wa 2015, BMW iliita pikipiki zake nyingi za familia hiyo, zaidi ya 40,000 nchini Marekani pekee, kwa sababu kitako cha aluminiamu kinachoshikilia gurudumu la nyuma kingeweza kupasuka iwapo bolti zingekazwa kupita kiasi. Badala yake kiliwekwa cha chuma. Kipande chenyewe hutoshea mkononi, lakini ndicho kinacholizuia gurudumu lisichomoke.

Ukanda wa meno, ambao Harley-Davidson iliurejesha barabarani mwaka wa 1980, ni mwepesi, hauna kelele na hauhitaji mafuta. Kwenye lami ni vigumu kuutia ila. Adui wake ni changarawe: kijiwe kikinaswa kati ya ukanda na puli, nyuzi za ndani hukatika. BMW ilionyesha wazi jinsi barabara inavyoamua jambo hili ilipotumia injini ya familia moja kwa kazi mbili. F 800 ST ya mwaka wa 2006, ya lami, ilipewa ukanda, nayo F 800 GS ya 2008, ya vumbi na mawe, ikapewa cheni.

Uimara, basi, haupimwi kwa kilomita peke yake. Kabla ya lami kukamilika kati ya Isiolo na Moyale katika muongo wa 2010, vumbi lililochanganyika na mafuta kwenye cheni lilikuwa kama msasa. Hata hivyo, cheni iliyokatika karibu na Marsabit iliweza kuunganishwa kando ya barabara kwa kiungo kimoja cha akiba. Beringi ya shafti ikivunjika, huhitaji vifaa maalum vya kung'olea na kipuri ambacho huenda kiko Nairobi au Ulaya, na pikipiki husubiri lori. Ukanda nao hauunganishwi, na kufunga mpya mara nyingi hulazimu mkono wa nyuma ufunguliwe.

Mwandishi Mwingereza Ted Simon alizijua pande zote mbili. Kati ya 1973 na 1977 alizunguka dunia, akapitia Kenya, kwa Triumph ya sentimita 500 za ujazo iliyoendeshwa kwa cheni. Aliporudia safari hiyo mwaka wa 2001, akikaribia umri wa miaka 70, alichagua BMW R 80 GS ya shafti.