Jina la Timu ni Tarehe: Ushindani wa Makoleji katika Kumbukumbu za Mashabiki wa Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo wanahistoria wetu wameliacha viwanjani, na wanaisimu wameliacha barazani: mazungumzo ya mashabiki wanapokumbuka ushindani wa michezo kati ya makoleji ya zamani. Yafaa kueleza tangu mwanzo kwamba katika Kongo neno koleji halitaji chuo kikuu, kama ilivyo Marekani. Hutaja shule ya sekondari, hasa ile iliyoanzishwa na misheni. Kwa kijana wa Masisi au Walikale aliyetaka kuendelea na masomo, koleji mara nyingi ilimaanisha kushuka Goma, kuvuka hadi Bukavu, au kufuata barabara ya msituni kuelekea Kisangani. Huko ndiko alikojifunza Kifaransa, na huko ndiko alikopata timu ya kuishangilia maisha yake yote.

Hoja tunayokusudia kuitetea ni hii: katika masimulizi ya mashabiki, matokeo ya mechi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na majina ndiyo sehemu imara. Mabao huongezeka kadiri msimulizi anavyozeeka, na mwamuzi huzidi kuwa mwonevu kila mwaka. Lakini jina analolitumia kuitaja timu, shule au mji aghalabu hubaki lile alilolizoea ujanani. Jina hilo ni tarehe. Katika maeneo ambayo vita vimeharibu daftari na picha za shule, tarehe ya namna hiyo si kitu cha kudharauliwa.

Tutaanza kwa kueleza chimbuko la ushindani wenyewe, kisha tutaangalia jinsi majina yanavyofanya kazi ya kalenda. Baada ya hapo tutagusa lugha ya ushindani, na mwisho tutapendekeza kazi inayoweza kufanywa na wanafunzi wetu.

2. Chimbuko la ushindani

Ushindani wa michezo kati ya taasisi za elimu si uvumbuzi wa Kongo. Oxford na Cambridge walishindana kwa makasia mara ya kwanza mwaka 1829, na Harvard na Yale wakawafuata mwaka 1852. Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lilivaa vazi la dini. Kule Uganda, Namilyango ilianzishwa mwaka 1902 na mapadri Wakatoliki wa Mill Hill, na Budo ikaanzishwa mwaka 1906 na Waanglikana. Timu za shule kama hizo zilipokutana, hazikukutana timu mbili tu. Yalikutana pia makanisa mawili yaliyokuwa yakigombea watoto walewale.

Katika Kongo ya Wabelgiji hali ilikuwa ya namna hiyo, ila mizani haikuwa sawa. Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa shule za misheni za Kikatoliki peke yake. Shule za Waprotestanti zilianza kukubaliwa ruzuku hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili, kutokana na uamuzi wa mwaka 1946. Kuanzia mwaka 1954, chini ya waziri Auguste Buisseret, serikali ilianzisha pia shule zake zisizo za dini kwa ajili ya Waafrika. Hivyo basi, katikati ya miaka ya 1950 palikuwa na mifumo mitatu ya shule: ya Wakatoliki, ya Waprotestanti na ya serikali. Mwanafunzi hakuchagua timu. Alichaguliwa na mlango aliouingilia.

Mpira wenyewe ulipitia mikono ya mapadri. Mjini Léopoldville, padri Raphaël de la Kethulle aliasisi chama cha michezo mwaka 1919, na uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 kwa jina la mfalme Baudouin leo unaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël. Mjini Élisabethville, watawa Wabenediktini walianzisha timu mwaka 1939 na kuipa jina la Mtakatifu Georges. Mwaka huohuo ilizaliwa timu ya Saint-Éloi Lupopo, iliyohusiana na wafanyakazi wa reli. Lengo la mapadri halikufichika: kijana atoke kanisani aende kiwanjani, asipate nafasi ya kwenda kwingine. Lakini umati haukutii lengo hilo daima. Tarehe 4 Januari 1959, mkutano wa chama cha ABAKO ulipozuiwa mjini Léopoldville, mashabiki waliokuwa wakitoka uwanjani walijiunga na watu waliokuwa mitaani, na ghasia zilizofuata ziliharakisha uhuru wa nchi.

3. Majina kama kalenda

Hakuna nchi nyingi ambazo majina yamebadilika mara nyingi kama Kongo katika umri wa mtu mmoja. Mwaka 1966 Léopoldville ilikuwa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi, na Stanleyville ikawa Kisangani. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yenyewe iliitwa Zaire, na mwaka 1972 raia walitakiwa kuyaacha majina ya ubatizo. Mwezi Mei 1997 Zaire ilirudi kuwa Kongo. Mkoa wa Kivu nao uligawanywa mwaka 1988, ukazaa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema.

Timu na shule zilifuata mkumbo huohuo. Ile timu ya Mtakatifu Georges ilikuja kuitwa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kiwanda cha matairi, na kwa jina hilo ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Baadaye ikawa Mazembe. Timu iliyozaliwa Léopoldville mwaka 1935 kwa jina la Renaissance ilipitia Diables Rouges na Victoria Club kabla ya kuwa Vita. Mpinzani wake, Daring, iliyoanzishwa mwaka 1936, iliitwa Imana katika miaka ya 1970, na katikati ya miaka ya 1980 ikachukua jina la Kilingala la Motema Pembe, yaani moyo mweupe. Mjini Bukavu, koleji ya Majesuiti iliyoitwa Notre-Dame de la Victoire ilikuja kuitwa Alfajiri. Jambo hili si la Kongo pekee. Jijini Dar es Salaam, mzee anayeiita Simba kwa jina la Sunderland anatuambia, bila kuulizwa, kwamba ushabiki wake ulianza kabla ya mwaka 1971.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wazee wawili wa Masisi wanabishana kuhusu zama zipi zilikuwa na wachezaji bora. Wa kwanza anasema kwamba timu ya shule yake ilishindana na vijana wa Notre-Dame, na kwamba jioni ile redio ilitangaza ushindi wa Englebert. Wa pili anasema kwamba wao waliwafunga Alfajiri, na kwamba bwenini walikuwa wamegawanyika kati ya Vita na Imana. Hakuna aliyetaja mwaka. Hata hivyo, wa kwanza amejiweka upande wa huku wa mwaka 1972, na wa pili amejiweka upande wa pili, wala hajafika mwisho wa miaka ya 1980. Msomaji ataona kwamba majina mawili yakitajwa pamoja hutoa mipaka iliyo wazi zaidi kuliko jina moja. Hapana budi kuongeza tahadhari: jina hutoa mpaka, halitoi siku. Tena wapo wanaosema "ile shule ambayo siku hizi inaitwa hivi". Usemi huo nao ni ushahidi, kwa kuwa unaonyesha kwamba msimulizi aliyaishi majina yote mawili na anajua kuwa msikilizaji wake ameliishi moja tu.

Mwaka 1974 unastahili kutajwa peke yake. Mwezi Machi timu ya taifa, Leopards, ilitwaa Kombe la Afrika mjini Cairo, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo. Mwezi Juni timu hiyohiyo ilicheza Kombe la Dunia katika Ujerumani ya Magharibi, ikafungwa mechi zote tatu bila kupata bao. Mwisho wa mwaka huohuo serikali ilizitwaa shule za makanisa, na hazikurudishwa kwenye usimamizi wao mpaka mkataba wa tarehe 26 Februari 1977. Kwa hiyo, mtu akisema kwamba alimaliza masomo mwaka wa Leopards, ametupa tarehe mbili kwa mkupuo: ya mpira na ya shule. Aliyefuata baada yake alisoma katika koleji ambayo padri hakuwa tena na amri juu yake.

4. Mshindani si adui

Tukiwa wanaisimu, hatuwezi kuyapita maneno yenyewe. Shabiki wa Kivu hasemi kandanda wala soka, husema mupira. Timu kwake ni ekipe, na shule ni masomo, kiasi kwamba kwenda kwa masomo ni kwenda shuleni. Maneno haya yana chapa ya Kifaransa na ya mazoea ya huku kwetu, na hayafai kusahihishwa yanaponukuliwa. Ukimsahihisha msimulizi umemwondolea umri wake na mahali pake.

Muhimu zaidi ni lugha iliyotumika kiwanjani. Masisi na Walikale ni maeneo ya lugha nyingi: Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kikumu, Kitembo na nyinginezo. Timu ya koleji iliyokusanya vijana wa lugha hizo haikuweza kuitana kwa lugha ya mmoja wao. Darasani walitakiwa kusema Kifaransa, lakini mpira ulipofika miguuni hapakuwa na nafasi ya kutafuta sarufi. Waliitana kwa Kiswahili. Kiwanja, pamoja na soko, kilikuwa mahali ambapo Kiswahili kilijifunzwa bila mwalimu.

Aidha, Kiswahili kinatofautisha mshindani na adui. Mshindani ni mwenzi katika tendo la kushinda. Kiambishi cha kutendeana kimo ndani ya neno lenyewe, na bila yeye hakuna mchezo. Adui hahitaji kutendeana na mtu. Mashabiki wa zamani walitaniana, walizomeana, na pengine walirushiana maneno mazito, lakini walihitaji kwamba mwaka unaofuata timu ile nyingine iwepo. Katika hilo ushindani wa makoleji ulikuwa shule ndani ya shule.

5. Hati zilizopotea

Mwezi Machi 1993, machafuko yaliyoanzia sokoni Ntoto, katika Walikale, yalienea Masisi na kuua maelfu ya watu. Yaliwagawanya watu kwa makabila ambayo, katika timu za makoleji, yalikuwa yamevaa fulana ya rangi moja. Tangu hapo vita vimerudi mara nyingi. Mwezi Januari 2025 Masisi mjini, Sake na Goma ziliingia mikononi mwa kundi la M23, na mwezi Machi mwaka huohuo Walikale mjini nayo ilitekwa kwa muda. Shule zimegeuzwa kambi na makimbilio, na madawati yamekuwa kuni. Daftari la wanafunzi, orodha ya wachezaji, picha ya timu ukutani kwa mkuu wa shule: hivi havikimbii na wakimbizi.

Kinachokimbia nao ni masimulizi. Katika kambi au katika nyumba ya jamaa mjini, watu wawili wa lugha tofauti wanaweza kugundua kwamba walisoma koleji moja, au koleji mbili zilizoshindana. Mara wanaanza kubishana kuhusu penalti ya zamani. Ubishi huo una thamani. Ni ubishi ambao pande zote mbili zinakubaliana kuhusu mahali, kuhusu majina, na kuhusu kuwapo kwa mwenzake. Mambo hayo matatu ndiyo ambayo migogoro ya ardhi na utambulisho katika Masisi inayakana kila siku.

6. Hitimisho

Mwaka 1956, kati ya Wanyanga wa Walikale, Daniel Biebuyck alisikiliza utendi wa Mwindo kutoka kwa msimulizi Candi Rureke, na mwaka 1969 aliuchapisha pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene. Leo utendi huo unasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Kilichouokoa ni kuandikwa kabla ya msimulizi kuondoka. Hatudai kwamba ubishi wa mashabiki ni utendi. Tunadai tu kwamba nao husimuliwa kwa mdomo, na kwamba wasimulizi wake wengi wamepita umri wa miaka 60.

Tunapendekeza, basi, kwamba wanafunzi wetu wanaotafuta mada za kazi za mwisho wa masomo waanze na maswali matatu mepesi. Mliiitaje timu yenu? Mshindani wenu mkubwa alikuwa nani, naye mlimwitaje? Kiwanja kilikuwa wapi, na sasa pana nini? Swali la kwanza litatoa tarehe, la pili litatoa ramani ya mahusiano, na la tatu litatoa historia ya ardhi. Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa mupira na kwa ekipe. Nani alishinda si swali la kuuliza. Msimulizi atalijibu mwenyewe, nasi tutamsikiliza kwa adabu.